Manesi wa wodi ya akili: mgonjwa akikuchachamalia unafanyaje? Tupeane uzoefu

Sista Zamu: Wakuu, jana mgonjwa wa mania (ile ya kuchangamka kupita kiasi) kanirushia kikombe cha uji, kikanipita sikioni kikagonga ukuta. Kisa nimemwambia asubiri zamu yake. Ya kwenye madaftari ya chuo nayajua, nataka ya wodini.

Kobe Mwendo: Pole dada. Hakuna mtu aliyewahi kutulia kwa kuambiwa "tulia". Mpe cha kuchagua: kidonge au sindano, ndani au uani. Na kitambulisho cha kamba shingoni vua kabisa, asije akakukaba nacho.

Sindano Moja: Mnabembeleza sana. Watu watano, kila kiungo na mtu wake, wa tano kichwani. Sindano za kutuliza, haloperidoli na promethazini. Kimya.

Bibi Matroni: Pengine hiyo fujo imeletwa na dawa yenyewe, mwanangu. Mtu hakai, anazunguka kitanda, miguu haimtulii, analia. Nyie mnaandika "ana vurugu", mnamwongezea haloperidoli. Ile ni akathizia, ukiongeza inazidi! Mwite daktari apunguze dozi, huwa wanampa propranololi. Na baada ya sindano kampime presha na upumuaji, hasa ikiwa klopromazini, ile dawa nyingine ya kutuliza, inashusha presha. Anainuka tu, puu, chini.

Sindano Moja: Matroni, si ninyi zamani mlikuwa mnafunga watu?

Bibi Matroni: Kwa agizo la daktari, na tulikaa pembeni tukimwangalia. Wewe ukifunga unakwenda kunywa chai.

Kobe Mwendo: 😂😂 Shikamoo matroni.

Mzee wa Naiti: Uzi umenikumbusha mbali. Hospitali siitaji. Usiku, umeme umekatika, wodi imejaa hadi sakafuni, tuko mimi na mwenzangu mjamzito. Kuna kijana mpole siku zote, kumbe vidonge anavificha chini ya ulimi, asubuhi anatema chooni. Kang'oa chuma cha kitanda, kaingia chumba cha dawa, na mwenzangu yumo humo. Mlinzi kuona chuma, katangulia yeye kukimbia. Kijana anasema sauti zimemwambia yule dada kabeba mtoto wake na anataka kumuuza. Nikasimama kando ya mlango, mikono wazi, nisimzibie njia. Nikamwita jina analoitwa na mama yake... Naitwa wodini, narudi.

Kobe Mwendo: Mzee, usitufanyie hivyo!

Mama Ubwabwa: Nimetandika mkeka.

Dada Mtu: Wakati tunamsubiri, niseme. Wagonjwa wengi hawana fujo yoyote. Mdogo wangu alichapwa makofi wodini, na hakuwa amemgusa mtu.

Sindano Moja: Pole. Aliyefanya hivyo si nesi.

Dada Mtu: Alikuwa amevaa sare yenu.

Mzee wa Naiti: Nimerudi. Zile sauti sikuzibishia wala sikuzikubali. Nikamwambia, "Mimi sizisikii, ila naona zinakutisha." Nikamuuliza kama amekula. Hajala, ndugu hawakuleta chakula. Akakaa sakafuni, chuma mapajani. Mwenzangu akapita nyuma yake na tumbo lile, akatoka. Kijana akala wali wangu wote. Sindano kakubali mwenyewe, tena kachagua tako la kushoto.

Mama Ubwabwa: Na huyo dada alijifungua salama?

Mzee wa Naiti: Mapacha. Ila aliyedai posho ya mazingira hatarishi ni mlinzi.

Sista Zamu: Kwani hiyo posho ipo kweli? Huku kwetu hata glovu tunagawana.