Bolti kwenye boriti ya bawa la mbao, nikaze mpaka wapi?

fundi_gereji
Wakuu habarini, nipo Minnesota najenga Pietenpol Air Camper, ile ndege ndogo ya mbao ya kujijengea, nimefika kwenye boriti ya bawa. Bolti ni AN4, ile ya robo inchi, na jedwali linasema nati ikazwe inchi-paundi (kipimo cha nguvu ya kukaza) 50 mpaka 70. Jana nikajaribu kwenye kipande cha sprusi, mbao ya boriti yenyewe, sijafika hata 40 mbao ikalia krrr, washa ikazama, kutoa naona duara limebonyea na nyuzi zimekatika ukingoni. Sasa nifuate jedwali au? Naogopa nikiacha kidogo nati ifunguke angani.

Mzee_wa_Spana
Kaka acha hapo hapo. Namba hizo ni za chuma kwa chuma, sprusi ukiiminya kwa ubavu wa nyuzi inabonyea mapema sana. Nahisi umetumia washa ndogo, AN960. Weka AN970, zile pana, ya robo inchi ina kipenyo cha inchi moja na moja ya nane, mzigo unasambaa. Kaza taratibu mpaka washa ikae imara, ukiona mbao inaanza tu kubonyea ukingoni umeshapita, basi. Na kufunguka angani usitegemee nguvu ya kukaza, kinachozuia ni nati yenye pete ya nailoni ndani, au kama bolti inazunguka kama bawaba basi nati ya mataji, ile yenye mikato juu, na pini yake ya kupita humo.

mama_mbao
Mzee kasema kweli, naongeza la unyevu maana huko baridi inawahusu. Mimi nilifunga zangu mwezi wa nane hewa nzito, kufika mwezi wa pili hita imekausha gereji, washa nne nazizungusha kwa kidole! Mbao ilikuwa imesinyaa. Kwa hiyo zikague kila mwaka, na matundu yapake vanishi kabla ya kuingiza bolti, watu wengi wanaruka hapo na maji yanaingilia humo humo. Halafu mdogo wangu angalia sehemu laini ya bolti, ile isiyo na uzi, isiwe ndefu kuliko mbao na vyuma, nati ikigota mwisho wa uzi unadhani umekaza kumbe mbao haijashikwa kabisa.

fundi_gereji
Asanteni sana jamani. Nimerudia na AN970 kwenye kipande kile kile upande mwingine, imekaa vizuri na mbao haina alama. Ila dada, lako la mwisho limenikuta, bolti mbili sehemu laini inachungulia nje ya bamba, kesho naongeza washa chini ya nati.