Kuh: I-797 na kazi Holman Field

Mgeni wa St. Paul: Habarini ndugu. Nimepata kazi ya kujaza ndege mafuta pale uwanja wa Holman Field. Grinikadi imeisha muda, I-90 (ombi la kadi mpya) nimeshatuma, I-797 (barua ya kupokelewa ombi) ninayo. Ofisi ya ajira imeikataa barua, wanataka kadi yenyewe. Niombe muhuri wa I-551 kwenye pasipoti, ule wa muda unaoonyesha ukaazi, au nibishane nao?

Mama wa Brooklyn Park: Pole mwanangu. Mimi walinihangaisha hivyo hivyo wakati wa I-751, lile ombi la kuondoa masharti kwenye grinikadi. Kila asubuhi naulizwa karatasi mbele ya wenzangu, hadi nikalia. Na beji za MSP, uwanja mkubwa wa Minneapolis–St. Paul, zina alama za vidole, zinachelewa.

Mzee wa Frogtown: Mama, soma vizuri. Holman siyo MSP. Ni ule uwanja mdogo karibu na katikati ya St. Paul, kando ya Mississippi. Na I-751 barua yake inaiongezea kadi iliyoisha miezi 48, ya I-90 ni 36. Usimchanganye kijana.

Kijana, hilo jina ulijue. Charles "Speed" Holman alikuwa rubani wa kwanza wa shirika la ndege la Northwest Airways. Mwaka 1928 alizungusha ndege kichwa chini miguu juu mara 1,433 mfululizo. Halafu akashinda mbio za ndege za Thompson kule Chicago. Alikufa 1931 kwenye maonyesho ya ndege, Minneapolis.

Wa Duluth: Omaha, mzee, siyo Minneapolis. Na hiyo Thompson ni ya 1930, kwa ndege ya Laird, karibu kilomita 325 kwa saa. Tukimsifu marehemu tumsifu kwa ukweli.

Mama wa Brooklyn Park: Mmenikumbusha uwanja wa Wilson, Nairobi. Ndege za miraa zikipanda alfajiri, sisi watoto tunapunga mikono. Jina lile ni la Florence Kerr Wilson, mwanamke aliyeanzisha Wilson Airways mwaka 1929. Wangapi hapa wanamjua?

Mzee wa Frogtown: Wachache, kwa sababu kwetu viwanja vikubwa ni vya marais. Kenyatta, Nyerere, Karume. Nawaheshimu wote, lakini rubani na fundi waliokesha na mashine wataandikwa wapi?

Wa Duluth: Hata hapa, jengo la MSP lenye jina la rubani Lindbergh, tangu 2010 likaanza kuitwa Terminal 1. Nyerere alijenga nchi, mzee. Usimweke kwenye malalamiko haya.

Mzee wa Frogtown: Sijamgusa Mwalimu. Nasema Moi International ya Mombasa ingefaa jina la mtu aliyeruka.