Ripoti ya mama imeandikwa BI-RADS 0: ina maana gani?

Binti wa Tanga: Shikamooni wakubwa, naomba ufafanuzi. Mama yangu, mwenye miaka 52, alipigwa mamografia (eksirei ya matiti), na ripoti imeandikwa "BI-RADS 0, msongamano C", kisha akaelekezwa arudi kwa ultrasaundi. Yeye amefurahi kuona sifuri. Mimi silali, kwani sielewi kwa nini arudishwe ikiwa hakuna kitu.

Mpiga eksirei: Pole, dada. BI-RADS ni mfumo wa namba wa kueleza majibu ya picha za matiti. Sifuri hiyo haisemi kwamba hakuna kitu, wala haisemi kwamba kuna saratani. Inasema kwamba picha zilizopo hazijatosha kutoa uamuzi. Ni namba 1 ndiyo isiyo na dosari, 2 ina jambo lisilo na madhara, 3 ina uwezekano wa saratani usiozidi asilimia 2 na kwa kawaida hurudiwa baada ya miezi 6, na kuanzia 4 ndipo hushauriwa kuchukua kinyama kwa sindano. Herufi C si ugonjwa. Inaeleza kwamba tezi ni nyingi, na kwa kuwa tezi na uvimbe vyote huonekana vyeupe pichani, kuutafuta uvimbe humo ni sawa na kutafuta punje ya mchele ndani ya unga wa sembe. Ultrasaundi itaonyesha kama kilichoonekana ni kifuko cha maji au ni kitu kigumu.

Binti wa Tanga: Nashukuru. Mbona basi hawakuanza na ultrasaundi? Mama alibanwa titi kati ya mabamba mpaka machozi yakamtoka.

Mpiga eksirei: Kwa sababu chembechembe ndogo za chokaa, ambazo wakati mwingine ndizo dalili ya kwanza ya saratani, mamografia huziona vizuri zaidi. Kubana hutandaza nyama zisifunikane na hupunguza mionzi inayohitajika.

Mama Rehema: Mwanangu, nami niliwahi kurudishwa hivyo. Nilikwenda na karatasi ya majibu tu, na daktari hakuweza kujua kama kivuli kile kilikuwa kipya au cha miaka yote, ikabidi niende tena siku nyingine. Mama abebe picha zenyewe, za sasa na za zamani kama anazo. Tena, kama kuna mahali anapohisi uvimbe, apaonyeshe kwa kidole kabla hajapakwa ile jeli ya baridi, na uvimbe unaoshikika usiachwe hata ultrasaundi ikitoka safi.