Bila shuti la kuruka, mtu anaweza kuwa mfungaji mkubwa?

Kikapu_Uyole: Wakuu, nafundisha vijana kikapu hapa Uyole, Mbeya. Nina dogo mrefu, akipokea chini ya ringi ni pointi. Akisogea nje, beki wake anamwachia kabisa, anarudi kuwazibia njia wenzake. Nimkazanie shuti la kuruka?

Mnyalukolo: Muache alivyo. Kareem Abdul-Jabbar alifunga pointi 38,387 NBA, ligi kuu ya kikapu Marekani, na za mbali, zile za pointi tatu, aliingiza moja tu.

Kikapu_Uyole: Sawa, ila Kareem alikuwa na "skyhook" yake, mtupo wa mkono mmoja juu ya kichwa, mgumu sana kuuzuia. Dogo hana silaha hiyo. Na tangu Stephen Curry wa NBA aingize pointi tatu 402 msimu wa 2015/16, kila beki anajua nani wa kumwachia. Inaniuma, maana kipaji anacho.

Mama_Ringi: Mwalimu, anzia mitupo huru, ile ya baada ya faulo. Giannis Antetokounmpo wa Milwaukee Bucks alipofunga pointi 50 mechi ya kutwaa ubingwa wa NBA 2021, 17 zilitoka pale. Kiwiko chini ya mpira, magoti yasukume, kiganja kimalizie. Kikishakaa, ndipo aruke.

Kikapu_Uyole: Ahsante sana dada. Kiwiko chake kinatoka nje mno, naanzia hapo.