Mrejesho: mikanda na pochi za wanaume kabla ya Krismasi

Mwezi wa Oktoba niliomba ushauri kuhusu namna ya kutangaza mikanda na pochi za ngozi ninazoshona kwa mkono, kwa kuwa duka langu la mtandaoni lilikuwa likitembelewa bila mtu kununua. Nawashukuru mlionijibu, hasa aliyenikumbusha kwamba wanaonunua zawadi za wanaume mara nyingi ni wake, dada na mabinti zao. Niliyaandika upya maelezo yote nikimlenga mnunuzi huyo: badala ya kuisifu ngozi niliyoichagua katika soko la Kariokor, Nairobi, nilieleza jinsi ya kupima mkanda wa mume, kuanzia penye bizimu hadi kwenye tundu analolitumia, bila mwenyewe kushtuka. Maswali ya vipimo, yaliyokuwa yakininyima usingizi, yakapungua mno.

Pochi zenye herufi za jina ndizo zilizouzwa zaidi, ingawa zilinichelewesha, hata ikanibidi nifunge oda za Krismasi tarehe 12 Desemba, Sikukuu ya Jamhuri, kwa sababu vifurushi vya Kisumu na Mombasa husafiri kwa mabasi ambayo msimu huo hujaa abiria na mizigo. Punguzo la bei mlilopendekeza sikulitoa. Saa ninazotumia kushona haziruhusu. Sasa ninatayarisha picha za Siku ya Akina Baba, Jumapili ya tatu ya Juni.