Naomba ushauri: staji inanibadilisha namna ya kufundisha michezo

Ndugu walimu, niko staji, yaani najifunza kufundisha mazoezi ya viungo shuleni, hapa Bukavu, sekondari moja ya Kadutu. Chuoni nilipenda ule mtindo C wa Mosston, mtaalamu wa mbinu za kufundisha michezo: wanafunzi wawili wawili, mmoja anafanya, mwenzake anamwangalia na kumsahihisha. Wiki ya tatu sasa, nimegeuka mtu wa filimbi na amri tu! Wanafunzi 58, mpira mmoja, uwanja wenyewe mteremko (mpira ukikuponyoka, unaufuata huko chini). Na mwalimu anayenisimamia anasifu mistari iliyonyooka. Mimi mwenyewe naanza kuipenda amri, hilo ndilo linanitisha. Mliopitia staji, mlirudishaje kazi ya wawili wawili bila kugombana na msimamizi? Nijaribu wawili wawili kwa dakika 10 tu za kuruka chini (kuruka mbali), ama nisubiri alama za staji kwanza?