Nataka kuwapikia wenzangu chakula cha Kithai, nisaidieni

Bint wa Mikunguni

Assalaam alaykum jamani. Jumamosi baada ya Isha nakaribisha watu wanane niliosoma nao skuli. Kila tukikutana ni pilau, au tunateremka Forodhani kula mishkaki. Safari hii nataka chakula cha Thailand: supu ya kamba ile wanayoiita tom yum, mchuzi mwekundu wa kuku, saladi ya papai bichi, wali, na mwisho embe na wali wa kunata.

Masuali yangu: Darajani nitapata nini, na nini nibadilishe? Halafu tui. Kila picha ya mchuzi wao naona mafuta mekundu yanaelea juu, utasema tui limekatika. Ndivyo linavyotakiwa? Na mgeni mmoja hali kamba, humvimba midomo. Mwengine anakuja na mamaake, ambaye bila ya wali hajala.

Mpishi wa Nungwi

Waalaykum salaam dada. Nipo jikoni hotelini huku kaskazini, vyakula hivi ndiyo kazi yangu.

Ndiyo, limekatika, na wamelikata makusudi. Sisi tumelelewa kukoroga tui mpaka mkono uume, lisikatike. Wewe bandika kasimile, lile tui zito la kwanza, peke yake, moto wa wastani, uliache lichemke mpaka maji yapungue na mafuta yajitenge. Hapo ndipo unatia viungo vilivyotwangwa, unavikaanga kwa mafuta hayohayo mpaka jirani aulize mnapika nini. Kuku afuate, aivie kwenye tui la pili. Tui la boksi mara nyingi halikatiki, limetiwa vitu vya kulishika. Kuna nazi Darajani, boksi la nini?

Viungo ni pilipili nyekundu kavu zilizorowekwa, vitunguu, thomu, tangawizi, mbegu za giligilani, bizari nyembamba kidogo, ganda la ndimu lililoparwa, na mchaichai. Huo mchaichai twanga shina jeupe la chini. Majani tunayotia kwenye chai hayatwangiki. Majani yao ya ndimu huku ni shida, tumia machanga ya mlimau. Kwenye supu, ndimu kamua ukishaipua, ikichemka inakuwa chungu.

Huyo wa kamba usimchezee. Viungo vya Kithai vya kopo kwa kawaida vina kamba waliosagwa, na saladi yao ya papai mara nyingi hutiwa kamba wakavu. Twanga vyako mwenyewe. Supu yake ipike mbali, kwa kuku na uyoga, na upawa wake.

Bibi wa Wete

Mwanangu, watu wanane, mapishi matano, na mikono yako miwili? Supu au saladi, chagua kimoja. Wageni wanakuja kukuona wewe, na wewe utakuwa jikoni unafuta jasho.

Na embe kama si msimu wake liache, utanunua la kuvumbikwa halina ladha. Pika ndizi mbivu kwa tui na sukari. Mjukuu wangu alinionesha Wathai nao wanazo, nikamwambia mbona hizi ndizo zetu za futari! Hizo unapika mchana, usiku unapakua tu.

Bint wa Mikunguni

Bibi shikamoo, umenishinda. Supu imetoka, saladi imebaki, ndizi zimeingia, na kamba ndiyo hawapiti tena mlangoni. Suali la mwisho: dada yangu anataka kuleta kuku wa Kijapani wa kupaka sosi, kaona kwenye simu. Sosi hiyo ina neno mirin. Ni halali?

Mpishi wa Nungwi

Mirin ya asili ni ulevi wa mchele, usitie. Sosi ya soya, sukari, tangawizi na siki kidogo vinatosha, aiache ichemke mpaka ishike kijiko. Na chupa ya soya asome maandishi ya nyuma, nyengine zimeongezwa alkoholi.

Papai chagua gumu la kijani, likikatwa litoe utomvu. Lipare nyuzi ndefu, uliweke kwenye maji ya barafu, ulichuje vizuri. Ndimu, sukari, chumvi, pilipili na njugu za kukaanga utie wageni wakishanawa mikono. Ukitia mapema litatoa maji na mkutano mzima utakula supu uliyoifuta.

Bibi wa Wete

Marahaba. Na wali pika wa kutosha, huyo mama namjua aina yake.